Kuchora Wazo Lisiloonekana: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtoto Mwenye Usonji Kuelewa Mawazo na Hisia za Wenzake

Wazazi na walimu wengi hunieleza kisa kilekile kwa maneno tofauti. Wamechapisha kadi zenye picha za nyuso, mtoto mwenye usonji (autism) amefundishwa kwa miezi kadhaa, na sasa akionyeshwa kadi hutaja bila kukosea: huyu amefurahi, huyu amekasirika, huyu anaogopa. Jioni ya siku hiyohiyo dada yake analia sebuleni, naye mtoto yuleyule anamsogelea na kumwomba rimoti ya televisheni. Mzazi huvunjika moyo, akadhani kwamba mtoto hajali.

Lililoshindwa hapo ni somo, si mtoto. Kadi humfundisha kusoma uso mkubwa, uliotulia, usio na sauti wala sababu, ilhali nyumbani uso hupita kwa sekunde chache katikati ya kelele, na maana yake imo katika jambo lililotokea kabla yake. Watafiti wamelikuta jambo hili zaidi ya mara moja. Katika utafiti wa mwaka 1995, kikundi kidogo cha vijana wenye usonji nchini Marekani kilifundishwa kwa miezi kadhaa namna ya kutambua mawazo ya wengine. Vijana hao walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya mezani, lakini wazazi na walimu wao hawakuona badiliko katika maisha ya kila siku. Mapitio ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 22 yenye washiriki 695, yalifika karibu na hapohapo: stadi inayofundishwa huweza kujifunzwa, ila ushahidi kwamba inadumu na kuhamia mahali pengine ni haba.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na uso. Unaanza na tukio halisi lililompata mtoto mwenyewe, ambalo mnalichora, kisha ndani ya mchoro mnaliandika lile lisiloonekana kwa macho, yaani wazo. Njia ya mazungumzo ya kuchora ilienezwa na Carol Gray, mwalimu wa jimbo la Michigan, Marekani, katika miaka ya 1990. Hapa nimeipanga kwa ajili ya nyumba zetu, ambako mtoto mmoja hulelewa na watu wengi na mambo mengi husemwa kwa kuzunguka.

Mwongozo huu unamfaa nani

Unamfaa zaidi mtoto wa miaka saba na kuendelea anayeelewa sentensi fupi na anayetambua kwamba mchoro wa mtu unasimama badala ya mtu. Si lazima ajue kusoma, wala si lazima aseme kwa mdomo, kwa sababu anaweza kuonyesha kwa kidole au kuchagua kati ya michoro miwili. Ikiwa bado hatambui michoro, fanyeni hatua ya 3 peke yake kwa muda, kisha mjaribu tena.

Vifaa

- Daftari kubwa lisilo na mistari, au karatasi za A4 zilizobanwa pamoja. Usitumie karatasi za kutupwa, kwa kuwa mtarudi kwenye michoro ya zamani.
- Kalamu nyeusi mbili, yako na yake.
- Penseli za rangi nne: moja ya furaha, moja ya hasira, moja ya huzuni na moja ya hofu. Mtoto ndiye achague rangi ipi ni ya hisia ipi, na uchaguzi huo uandikwe kwenye jalada usibadilike.
- Kopo tupu la aiskrimu lenye mfuniko, na kikombe cha maharage makavu.
- Daftari dogo linaloenea mfukoni.
- Simu au saa ya kupimia dakika kumi.

Huna haja ya kipaji cha kuchora. Vijitu vya mistari vyenye kichwa cha duara vinatosha, na mchoro mbaya una faida yake, maana mtoto hucheka, akachukua kalamu kurekebisha.

Kabla ya yote, mfundishe alama mbili. Maneno yaliyosemwa huwekwa ndani ya puto, yaani duara lenye mkia unaoelekea mdomoni. Mawazo huwekwa ndani ya wingu lililo juu ya kichwa, likiunganishwa na kichwa kwa vitone vidogo. Mweleze kanuni moja tu: puto husikiwa na wote waliopo, wingu huonwa na mwenyewe peke yake. Kanuni hii ndiyo nguzo ya kazi yote inayofuata.

Hatua ya 1: Tenga wakati usio wa tatizo

Chagueni dakika kumi kila siku, saa ileile, mtoto akiwa ameshiba na hajachoka, televisheni ikiwa imezimwa. Ketini ubavu kwa ubavu mkitazama karatasi, msiketi mkitazamana.

Usimlazimishe kukutazama machoni. Watu wengi wenye usonji husema kwamba kutazamana machoni huwachosha au huwaumiza kiasi cha kushindwa kusikiliza, na isitoshe, katika mila zetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa huhesabiwa kuwa na adabu. Ajabu ni kwamba baadhi ya programu zilizoletwa kutoka nje huhesabu jambo hilohilo kuwa kasoro ya kurekebishwa, nasi tukazifuata bila kuuliza.

Tahadhari: mtoto aliyezidiwa, anayepiga kelele au aliyeziba masikio, hawezi kujifunza chochote wakati huo. Mpeleke mahali patulivu, mngoje, na mchoro usubiri hata kesho yake.

Hatua ya 2: Anza na wingu lake mwenyewe

Kosa la kawaida ni kumuuliza mtoto anavyojisikia mtu mwingine kabla hajaweza kutaja anavyojisikia yeye. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba takriban nusu ya watu wenye usonji hupata shida kutambua na kutaja hisia zao wenyewe. Mtu asiye na jina la jambo linalotokea kifuani mwake atalitambuaje kifuani mwa mwenzake?

Kwa wiki mbili za mwanzo, mchoreni yeye peke yake. Chagua tukio jepesi la siku hiyo, kwa mfano umeme ulipokatika katikati ya katuni anayoipenda. Uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: nini kilitokea, mwili wako ulifanya nini, ukawaza nini. Swali la mwili linatangulia kwa sababu "moyo ulienda mbio" au "tumbo lilikaza" ni rahisi kujibu kuliko "ulijisikiaje". Baada ya hapo, lipakeni wingu rangi.

Kama anajibu "sijui", chora mawingu mawili, moja likiwa na maneno "Katuni imekatika, nataka irudi" na jingine "Nataka kula sabuni", kisha mwambie achague. Hilo la pili ni la kipuuzi kwa makusudi, ili kuchagua kusiwe mtihani.

Umefaulu anapoanza kukukatalia. Siku atakaposema "Hapana, sikukasirika, niliogopa giza", mnaweza kusonga mbele hata kama wiki mbili hazijaisha.

Hatua ya 3: Watu wazima waseme mawingu yao

Hatua hii ni ya nyumba nzima, na ndiyo watu huiruka kwa sababu haionekani kuwa somo. Kila mtu mzima aseme kwa sauti, mara tano au sita kwa siku, wazo ambalo kwa kawaida angelibaki nalo moyoni, akilifunga pamoja na sababu yake:

"Natafuta ufunguo. Nilidhani upo mezani, kumbe haupo. Nimeanza kuchoka."

"Nimenyamaza kwa sababu nahesabu fedha. Sijakukasirikia."

Maneno "nilidhani", "kumbe", "nilisahau" na "natumaini" ni lulu katika kazi hii. "Kumbe" hasa linabeba somo zima ndani ya silabi mbili: kichwani mwangu palikuwa na jambo moja, duniani palikuwa na jingine.

Usigeuze kila sentensi kuwa swali kwa mtoto. Sema, kisha endelea na shughuli zako. Mafanikio huja kwa kuvizia: wiki kadhaa baadaye utamsikia akisema peke yake, "Nilidhani maji ni ya moto, kumbe ya baridi."

Hatua ya 4: Kopo la aiskrimu

Sasa mtoto anahitaji kuona kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo la kweli, tena kwa sababu nzuri. Katika jaribio maarufu lililochapishwa nchini Uingereza mwaka 1985, watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walishindwa kutabiri kwamba mwanasesere angetafuta gololi yake mahali alipoiacha, si mahali ilipohamishiwa wakati hayupo. Wengi hulinukuu jaribio hilo wakisahau kwamba wanne walifaulu. Usimhukumu mtoto wako kabla hujajaribu naye.

1. Tia maharage ndani ya kopo la aiskrimu mtoto akiwa hayupo, ulifunike, kisha umwite na kumuuliza kuna nini ndani. Atasema aiskrimu, kama sote tulivyodanganyika utotoni tulipofungua friji ya nyumba.
2. Fungueni. Cheka naye. Mara moja chora kijitu chake chenye wingu la aiskrimu, na chini ya mchoro andika "Kabla ya kufungua". Mchoro huu unamzuia asisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa na wazo jingine dakika moja iliyopita, kwa maana watoto wengi, wenye usonji na wasio nao, wakishajua ukweli huapa kwamba waliujua tangu mwanzo.
3. Funikeni tena. Sema kwamba kaka yake yuko nje na hajaona. Chora kijitu cha kaka chenye wingu tupu, kisha muulize: kaka ataweka nini ndani ya wingu lake?
4. Usimsahihishe kwa maneno akikosea. Mwite kaka aingie, umuulize kuna nini, na mtoto asikie jibu kwa masikio yake. Kisha jazeni wingu.
5. Rudieni siku nyingine kwa vitu vingine: pakiti ya biskuti yenye misumari, mkoba wa shule wenye nguo, chupa ya soda yenye maji.

Sababu ya kubadilisha vitu ni kumzuia asikariri kwamba jibu ni "aiskrimu" siku zote. Changanya pia na makopo yenye kitu kinacholingana na picha yake, la sivyo atajifunza kwamba watu hukosea kila mara, jambo ambalo nililisababisha mwenyewe kwa mtoto mmoja, nikalipia kwa wiki tatu za kulirekebisha.

Umefaulu anaposema, au kuonyesha, sababu: "Kaka hajaona ndani." Jibu sahihi lisilo na sababu bado si ufaulu.

Hatua ya 5: Chora tukio lililotokea

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na msiwe na haraka nayo. Chagua tukio halisi ambalo watu wawili walikuwa na mawingu tofauti. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, kwa kuwa unatokea katika karibu kila nyumba inayozungumza Kiswahili.

Mtoto anagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Mama anamwambia aache. Mtoto anagonga tena. Mama anapaza sauti: "Rudia tena uone!" Mtoto anarudia, kisha anasimama akisubiri kuonyeshwa. Mama anamfokea vikali, mtoto analia kwa uchungu akisema, "Umeniambia nirudie!" Wote walioshuhudia wanasema mtoto ni mkaidi.

Kesho yake, katika dakika zenu kumi, gawa ukurasa katika vyumba vitatu, yaani visanduku vya michoro, kimoja kwa kila kipindi cha tukio, ukiacha nafasi chini ya cha nne, na mchore kwa mpangilio ufuatao.

Kwanza mahali na watu. Jikoni, mama, mtoto, na bibi aliyelala chumba cha pili. Muulize mtoto nani alikuwepo, na umchore hata yule ambaye yeye hamtaji, ukisema kwa utulivu, "Na bibi alikuwa hapa."

Pili matendo na maputo. Nani alifanya nini, nani alisema nini, neno kwa neno. Usilainishe maneno ya mama. Kama alisema "Rudia tena uone!", ndivyo yaandikwe, kwa sababu huenda mtoto anayakumbuka maneno kwa usahihi kuliko wewe, na ukiyabadilisha ataacha kuuamini mchoro wote.

Tatu wingu la mtoto. Lake litangulie daima. Katika tukio hili huenda litasema: "Mama anataka nirudie. Kuna kitu nitaonyeshwa." Liandike lilivyo, na useme kwamba ukiyafuata maneno yalivyosemwa, wazo hilo lina mantiki. Kweli linayo. Mara ya kwanza nilipochora tukio la namna hii nilitambua kwamba mtu mzima ndiye aliyetamka amri iliyo kinyume kabisa na matakwa yake, na mtoto ndiye aliyetii.

Nne mawingu ya wengine. Mama mwenyewe aitwe aandike lake: "Ninamwonya. Sitaki arudie. Bibi anaumwa kichwa." Bibi naye, kama yupo, aulizwe: "Kila akigonga, kichwa kinaniuma." Mtu asiyekuwepo mwekee wingu lenye alama ya kuuliza, na sema "labda", kwa sababu wewe pia hulioni wingu lake. Ukijifanya unajua mawazo ya kila mtu, unamfundisha mtoto kwamba kuna watu wenye macho ya ajabu na yeye hayumo kati yao.

Tano rangi. Pakeni kila wingu rangi ya hisia yake. Mtoto ataona kwa macho kwamba puto la mama na wingu la mama havifanani, na kwamba rangi ya mama ilianza kubadilika tangu chumba cha kwanza, kabla ya makelele. Onyesha mshale kutoka kwenye kichwa cha bibi hadi kwenye rangi ya mama. Hisia ina chanzo, na chanzo hicho kinachoreka.

Sita chumba cha nne. Chini ya ukurasa chora namna tukio lingeweza kwenda. Muhimu ni kwamba watu wote wabadilike, si mtoto peke yake: mama aseme "Acha kugonga, bibi anaumwa kichwa", na mtoto aulize "Naweza kugonga nje?"

Tahadhari ni tatu. Usigeuze mchoro kuwa mahakama, na usiuchore mbele ya wageni. Kwa kila tukio baya chora mawili mazuri, kwa mfano siku alipompa mdogo wake nusu ya chapati na wingu la mdogo likajaa rangi ya furaha; asipoona mazuri, daftari litakuwa jalada la makosa na atalikimbia. Tena usiulize "Kwa nini ulifanya hivyo?", maana kwa watoto wengi swali hilo si swali, ni mwanzo wa adhabu, na wao wanalijua hilo kwa uzoefu.

Umefaulu mtoto anapochora wingu la mtu mwingine bila kuombwa, nalo likawa tofauti na lake. Si lazima liwe sahihi.

Hatua ya 6: Daftari la maneno yenye wingu lake

Kiswahili chetu kina maneno mengi ambayo puto lake huenda huku na wingu lake huenda kule. Mtoto anayesikia maneno kama yalivyo hana kosa. Anahitaji tu orodha. Katika daftari dogo la mfukoni mwandikieni kila msemo uliomkwaza, aliyeusema, na wingu lililokuwa nyuma yake. Haya ni ya kuanzia:

- "Nakuja", anayesema akiwa anaondoka: natoka kidogo, nitarudi sasa hivi.
- "Umepotea!": sijakuona siku nyingi, nimefurahi kukuona. Hakuna aliyepotea.
- "Pole", kutoka kwa mtu asiyehusika na kuanguka kwako: nakuonea huruma. Hakiri kosa.
- "Sijasikia!", bibi akisema mtoto akipita: nangoja shikamoo yangu.
- "Endelea tu", kwa sauti nzito: acha mara moja.

Hilo la shikamoo linastahili ukurasa wake katika daftari kubwa. Wingu la mtoto husema, "Nilimwamkia bibi asubuhi, jambo hilo limekwisha." Wingu la bibi, aliyerudi kutoka msibani na hajamwona mjukuu tangu alfajiri, husema, "Mjukuu wangu ananipita kama mti." Kumlazimisha mtoto aamkie bila kumwonyesha mawingu haya mawili kutampa neno, lakini hataelewa kwa nini bibi hutabasamu anapolisikia.

"Karibu chakula" ni msemo mgumu zaidi, na hata watu wazima hujikwaa. Mfundishe dalili zinazoonekana: je, wamesogea kukupisha, wameleta sahani au maji ya kunawa, wamerudia mwaliko? Kama hakuna hata moja, ajibu "Ahsante, endeleeni" na asione kwamba amenyimwa.

Usiandike misemo kumi kwa siku. Mmoja au miwili kwa wiki inatosha, tena ile tu aliyokutana nayo.

Hatua ya 7: Mpe maswali ya kuuliza

Mtu hahitaji kubahatisha wingu la mwenzake ikiwa anaweza kuuliza, na kuuliza ni stadi anayoweza kuitumia sebuleni na hata shuleni. Mfundishe maswali machache yenye chaguo mbili, kwa sababu ni mepesi kwa anayeuliza na kwa anayejibu:

"Umekasirika, au umechoka tu?"

"Unatania, au ni kweli?"

"Unataka nikae nawe, au nikuache peke yako?"

Kwa mkubwa aongeze heshima: "Samahani bibi, sijaelewa. Niache, au nimalize kwanza?" Igizeni kwa zamu, nawe ukosee makusudi.

Swali la tatu ndilo linalotibu kile kisa cha dada anayelia. Wengi humdhania mtoto hana huruma, kumbe ameona machozi, yamemshtua, ila hajui lipi la kufanya, basi akashika jambo analolijua, rimoti.

Tahadhari kubwa iko kwa watu wazima. Mtoto akiuliza "Umekasirika?" nawe ukajibu "Unajua mwenyewe!", umeifunga njia uliyoijenga kwa miezi. Vivyo hivyo ukijibu "Hapana" huku umekunja uso. Jibu la kweli na fupi ndilo malipo yake.

Hatua ya 8: Fundisha na upande wa pili

Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wasio na usonji nao hushindwa kusoma mawazo ya wenye usonji, ila hakuna anayewapeleka darasani. Utafiti uliofanyika Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2020 ulipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu katika minyororo ya watu wanane. Minyororo ya wenye usonji watupu ilihifadhi habari sawasawa na ya wasio na usonji watupu; habari ilimomonyoka zaidi pale walipochanganywa.

Kwa hiyo fanyeni mchoro mmoja kila wiki ambamo fumbo ni mtoto na wanafunzi ni ninyi. Shangazi achore anachodhani kiko katika wingu la mtoto anapoziba masikio harusini. Wengi huandika "Hapendi watu." Kisha mtoto aandike lake: "Spika inauma." Mpe mwalimu nakala ya ukurasa huo, kwa ruhusa ya mtoto, pamoja na zile rangi nne.

Lengo si kumfanya mtoto aigize sura ya kawaida siku nzima. Mtoto anayetabasamu kwa kukariri hurudi nyumbani amechoka mno, na mara nyingi ndipo milipuko ya jioni hutoka. Mkifika hapo, punguzeni masomo.

Panapokwama

*Kila wingu analichora sawa na lake.* Rudini kwenye kopo, hatua ya 4, bila lawama.

*Anaweza nyumbani, shuleni hawezi.* Hilo ndilo lililotarajiwa. Chora matukio ya shuleni, tena shuleni kwenyewe, kalamu ikiwa mkononi mwa mwalimu.

*Anajilaumu akiona wingu la hasira au la huzuni la mwenzake.* Simamisheni matukio mabaya kwa mwezi mzima, mchore mazuri tu.

*Ni kijana au mtu mzima.* Acha vijitu. Tumieni ujumbe wa simu uliomchanganya: uandikeni kwenye karatasi, kisha kila mmoja aandike mawingu mawili au matatu yanayowezekana nyuma yake, ndipo aulizwe mwenye ujumbe. Na yeye ndiye aamue kama anataka msaada huu.

Lini umwone mtaalamu

Usisubiri mchoro ikiwa mtoto amepoteza maneno aliyokuwa nayo, anajiumiza, au amebadilika ghafla katika kula na kulala. Kwanza apimwe masikio, meno na tumbo, kwa kuwa maumivu hujificha nyuma ya tabia. Nchini Kenya tathmini ya elimu hufanyika katika vituo vya EARC, yaani vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, na katika KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi. Jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Popote uendapo, ulizia mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha.

Nenda na daftari kubwa, likiwa na tarehe juu ya kila ukurasa, ili mtaalamu aone mahali mtoto alipoanza na mahali alipofika. Mwombe mtoto ruhusa kabla hujalifungua mbele ya mgeni, naye achague kurasa za kuonyesha, maana mawingu yaliyomo ni yake.